Kiselema cha bahari kuu

Wahenga walituachia usemi usemao, "Usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima." Kiselema, kwa vijana wa mjini ambao pengine hawajapata kukishika, ni jembe lililolika kwa kulimiwa miaka mingi mpaka likabaki kipande. Mkulima asiye na busara hulitupa. Mwenye busara huliweka pembeni, maana anajua siku ya palizi ndilo litakalopenya mahali ambapo jembe jipya halipenyi.

Nimeukumbuka usemi huu kwa sababu wiki hii nataka tuzungumze juu ya kiumbe mmoja wa baharini ambaye kwa muda mrefu alitupwa pembeni kama kiselema. Wavuvi walimtupa, na wataalamu nao, pamoja na elimu yao yote, walimtupa. Historia ya namna wataalamu hao walivyokosea, na namna walivyokuja kujirekebisha, ina mafunzo hata kwa sisi tusiokwenda baharini.

Kiumbe huyo anaitwa salpa. Ukimkuta ufukweni ameletwa na mawimbi, utamdhania ni konyeza, au utadhani ni kipande cha mfuko wa plastiki. Mwili wake ni kama ute ulioganda, na unapenya mwanga kama kioo. Hauzwi sokoni. Anapojaa katika nyavu, mvuvi humkung'uta kwa hasira, kwani ameziba matundu na samaki hakuna.

Lakini hebu tumtazame akiwa hai majini. Salpa ana umbo la pipa dogo lililo wazi mbele na nyuma. Wapo wenye urefu wa sentimita moja tu, na wapo wanaozidi sentimita 20. Mwili umezungukwa na misuli iliyokaa kama zile pete za chuma zinazobana pipa. Misuli ikijikaza, maji hutoka kwa nguvu upande wa nyuma na mnyama akasukumwa mbele. Misuli ikilegea, maji mengine huingia kwa mbele. Maji hayo hayo yanayompa mwendo ndiyo yanayompa na chakula, kwa sababu ndani ya pipa kumetandazwa chujio la ute. Ni kama vile mama wa Pwani anavyochuja tui la nazi kwa kifumbu, isipokuwa salpa anachotaka si tui bali ni machicha. Maji hupita, na kinachonaswa huliwa pamoja na chujio lenyewe, huku chujio jipya likiendelea kutengenezwa.

Kinachonaswa ni nini? Ni mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, inayoelea karibu na uso wa bahari kupata jua. Mimea hiyo, pamoja na wanyama wanaochukuliwa na mikondo bila kuweza kushindana nayo, huitwa kwa jina moja planktoni. Tusiidharau planktoni, ndugu wasikilizaji. Mimea yake, ingawa ni midogo, hufanya karibu nusu ya kazi yote inayofanywa na mimea duniani ya kuvuta hewa ya kaboni na kuigeuza kuwa chakula kwa nguvu za jua. Hayo ndiyo malisho ya bahari, na salpa ni mmoja wa ng'ombe wanaochunga humo.

Sasa tuingie katika historia.

Mtu aliyeliingiza jina la salpa katika vitabu vya sayansi alikuwa Peter Forskål, mwanafunzi wa yule bingwa wa Sweden, Linnaeus, aliyewapa wanyama na mimea majina ya Kilatini. Mwaka 1761 Forskål aliondoka Copenhagen pamoja na wenzake watano, wakiwa wametumwa na mfalme wa Denmark kwenda kuchunguza nchi za Uarabuni. Safari hiyo iligharimu roho za watu. Forskål mwenyewe alifariki kwa malaria huko Yemen mwaka 1763, na kati ya wasafiri wote sita aliyerudi kwao hai ni mmoja tu, Carsten Niebuhr. Huyo Niebuhr ndiye aliyezikusanya karatasi za marehemu mwenzake na kuzichapisha mwaka 1775.

Katika karatasi hizo Forskål alikuwa ameorodhesha salpa wa namna nyingi, kila mmoja na jina lake. Mmojawapo alimwita Salpa maxima, yaani salpa mkubwa kabisa, na mwingine akamwita Salpa africana. Mwingine tena alimwita democratica, na mwingine mucronata. Wataalamu waliofuata wakayapokea majina hayo, wakayaongezea mengine. Wengine waliwakuta salpa wakiogelea peke yao. Wengine waliwakuta wamefungamana mmoja na mwenziwe katika mnyororo mrefu, kama shanga katika uzi. Kwa kuwa wa peke yao na wa mnyororo hawakufanana umbo, ilionekana dhahiri kuwa hao ni wanyama mbalimbali.

Aliyekuja kulivunja kosa hilo hakuwa profesa. Alikuwa mshairi, tena mkimbizi.

Adelbert von Chamisso alizaliwa Ufaransa mwaka 1781 katika jumba la ukoo wake, Boncourt, jimbo la Champagne. Mapinduzi ya Ufaransa yalipopamba moto, ukoo huo wa mabwana wakubwa ulikimbia nchi, na baada ya kuhangaika huku na huko ukafika Berlin, katika ufalme wa Prussia. Kijana akatumikia katika nyumba ya malkia, kisha akawa ofisa wa jeshi la Prussia. Ikawa Napoleon alipoishambulia Prussia mwaka 1806, Chamisso alijikuta amevaa sare ya nchi inayopigana na nchi aliyozaliwa. Kwa Wajerumani alikuwa Mfaransa, na kwa Wafaransa alikuwa Mjerumani. Mwaka 1814 alichapisha hadithi ya mtu aitwaye Peter Schlemihl aliyemwuzia shetani kivuli chake kwa mfuko wa dhahabu usiokwisha, halafu akakimbiwa na watu wote kwa kuwa hana kivuli. Hadithi hiyo ilimpatia jina kubwa, na wengi wameiona kama kilio cha mtu asiye na kwao.

Elimu ya mimea na wanyama alianza kuisoma katika chuo kikuu cha Berlin akiwa na umri wa miaka 31, wakati wenzake wa rika hilo wamekwisha kuwa mabwana katika kazi zao. Mwaka 1815 akapata nafasi ya kusafiri na merikebu ndogo ya Kirusi iitwayo Rurik, iliyokuwa ikienda kuizunguka dunia chini ya nahodha Otto von Kotzebue, kutafuta njia ya bahari upande wa kaskazini ya Marekani. Chamisso alipanda Copenhagen mwezi wa Agosti. Hakupewa heshima kubwa melini. Aliambiwa wazi kuwa yeye ni abiria katika chombo cha kivita, ambako abiria si jambo la kawaida, na kwa hiyo asiwe na madai mengi.

Merikebu ilipotoka Uingereza kuelekea kisiwa cha Tenerife, mwezi wa Oktoba, upepo ulikufa. Tanga zikalegea. Baharia hachukii kitu kama shwari ya namna hiyo, kwani chakula kinaliwa na safari haisogei. Lakini bahari ilikuwa imejaa salpa, na Chamisso pamoja na daktari kijana wa melini, Johann Friedrich Eschscholtz, wakaanza kuwateka na kuwatazama. Hawakuwatumbukiza kwenye chupa za dawa ili wakachunguzwe Ulaya baada ya miaka mitatu. Waliwatazama pale pale, wakiwa wabichi na hai, wengi kwa mamia, siku baada ya siku.

Na walichokiona ni hiki. Ndani ya mwili wa kila salpa wa peke yake mlikuwa na mnyororo mdogo wa salpa wachanga uliojikunja, ukisubiri kutoka. Kisha walipomchunguza kila mmoja wa wale wa mnyororo, walimkuta ana mtoto mmoja tu tumboni, na mtoto huyo hana umbo la mnyororo. Ana umbo la yule wa peke yake. Kwa maneno mengine, wa peke yake huzaa mnyororo, na wa mnyororo huzaa wa peke yake. Wanyama wawili waliopewa majina mawili walikuwa mnyama mmoja.

Ndugu wasikilizaji, kwetu jambo hili si gumu kulielewa. Katika makabila mengi ya Afrika Mashariki mtoto hupewa jina la babu au bibi yake, wala si la baba au mama. Mjukuu akizaliwa, wazee husema "bibi amerudi." Bibi na mjukuu hutaniana kama watu wa rika moja, huku mama akiwa katikati akiheshimiwa na pande zote. Sisi tunasema hivyo kwa mila. Salpa anafanya hivyo kwa mwili: mtoto hafanani na mama yake hata kidogo, bali anafanana na bibi yake, na mjukuu wake atafanana na yeye.

Mwaka 1819, baada ya kurudi kutoka safarini, Chamisso alichapisha mjini Berlin kitabu kidogo kwa Kilatini juu ya salpa. Mwaka huo huo chuo kikuu kilimtunuku udaktari wa heshima, naye akapata kazi katika bustani ya mimea ya mji huo. Hata hivyo, habari yake ya salpa haikukubaliwa na wengi. Walioipinga hawakukosa hoja. Tangu lini paka akazaa kuku, na kuku akazaa paka? Kila mtu anajua kuwa mtoto hufanana na mzazi. Na msemaji mwenyewe ni nani? Ni yule mtunzi wa hadithi ya mtu aliyeuza kivuli! Chamisso alifariki mwaka 1838 akijulikana zaidi kwa mashairi yake.

Miaka minne tu baada ya kufa kwake, mwaka 1842, mtaalamu wa Denmark aitwaye Japetus Steenstrup alitoa kitabu kilichoonyesha kuwa wapo wanyama wengi wenye mtindo huo wa vizazi kupokezana, wakiwamo konyeza na minyoo fulani ya tumboni, na akamtaja Chamisso kuwa ndiye aliyeanza kuliona jambo hili. Mwaka 1849 daktari msaidizi wa meli ya Kiingereza Rattlesnake, kijana Thomas Huxley, aliwachunguza salpa katika bahari ya kaskazini mwa Australia, na mwaka 1851 akathibitisha kwa maandishi kuwa mshairi alikuwa amesema kweli. Huxley huyo ndiye aliyekuja kuwa mtetezi mkuu wa Darwin. Kwa hiyo ilichukua zaidi ya miaka 30 kuukubali ukweli ambao ungeweza kuonekana na mtu yeyote mwenye ndoo, maji ya chumvi na subira.

Wahenga walisema pia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Chamisso alikuwa mgeni katika nchi na mgeni katika elimu. Wenyeji walikuwa na ujuzi mwingi kuliko yeye, lakini ujuzi wao ulikuwa wa maiti zilizokaa ndani ya chupa.

Kosa la pili lilihusu ukoo wa salpa. Mfaransa Lamarck, mwaka 1816, aliwaweka salpa na ndugu zao katika kundi aliloliita tunikata, kwa maana ya wenye kuvaa joho, au sisi tungeweza kusema wavaa kanzu, kwa sababu miili yao imefunikwa na vazi la namna yake. Baadaye, mwaka 1845, iligunduliwa kuwa vazi la wanyama wa ukoo huu lina selulosi, ambayo ni kitu kile kile kinachofanya pamba na karatasi, na ambacho watu waliamini kinapatikana kwa mimea peke yake. Karatasi ya gazeti na kanzu ya mnyama huyu vina asili moja ya kikemia.

Je, mvaa kanzu huyu ni jamaa wa nani? Wengi walisema ni jamaa wa chaza na konokono. Mwaka 1866 Mrusi Alexander Kowalevsky alichunguza ukuaji wa wale tunikata wanaoishi wamejishikiza kwenye mawe. Alikuta kuwa mtoto wao ni kama kiluwiluwi cha chura, ana mkia, na ndani ya mkia mna ufito laini uliokaa mahali pale pale unapoanzia uti wa mgongo wa mtoto wa samaki, wa kuku au wa binadamu akiwa bado tumboni. Darwin alizitaja habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya binadamu. Na mwaka 2006, kwa kulinganisha chembe za urithi, wataalamu walionyesha kuwa kati ya wanyama wote wasio na uti wa mgongo, hawa wavaa kanzu ndio jamaa zetu wa karibu kabisa. Yule tuliyemdhania kipande cha plastiki ufukweni ni binamu yetu kuliko pweza mwenye akili, na kuliko nyuki mwenye bidii.

Kosa la tatu ndilo lililodumu zaidi, na ndilo lenye hatari kwetu leo. Hili lilihusu kazi ya viumbe hawa baharini.

Mjerumani Victor Hensen, yule aliyelitunga neno planktoni mwaka 1887, alitaka kuipima bahari kama mkulima anavyopima mavuno ya shamba lake. Mwaka 1889 aliongoza msafara wa meli National uliozunguka bahari ya Atlantiki kwa miezi kadhaa, ukivuta nyavu zilizoshonwa kwa hariri ile iliyotumiwa na wenye viwanda kuchekechea unga. Fikra ilikuwa nzuri, kwamba ukihesabu kilichonaswa utajua utajiri wa bahari. Lakini chekeche hunasa kilicho kikubwa kuliko matundu yake, na kila chepesi na dhaifu hukiponda.

Mwanafunzi wa Hensen, Hans Lohmann, ndiye aliyelitambua tatizo, na aliyemfundisha alikuwa jamaa wa salpa. Huyu ni apendikularia, mnyama wa milimita chache, ambaye hubaki na umbo la kiluwiluwi maisha yake yote. Apendikularia hujijengea nyumba ya ute, nyepesi na ya ajabu. Ina madirisha yenye nyavu za kuzuia makombo makubwa, na ndani ina machujio membamba kupita hariri yoyote. Mwenye nyumba hukaa katikati, hupigapiga mkia kuvuta maji, na hula kile kinachokusanywa. Machujio yakiziba, huiacha nyumba na kujijengea nyingine, na huweza kufanya hivyo mara kadhaa kwa siku moja.

Lohmann alipofungua machujio ya nyumba hizo chini ya hadubini, alikuta yamejaa viumbe ambavyo nyavu za hariri hazikupata kuvikamata hata siku moja, kwa kuwa vilipita katika matundu. Mwanzoni mwa karne ya 20 akaonyesha kuwa sehemu kubwa ya malisho ya bahari ni hao wadogo wa wadogo. Tuseme kama ilivyo: binadamu na mnyama wa ute walikuwa na wavu kila mmoja, na wavu wa mnyama ulikuwa bora.

Ungedhani baada ya hapo watu wangeziacha nyavu zao. La hasha. Kwa zaidi ya nusu karne salpa waliendelea kuvuliwa kwa nyavu na kufika juu wamekuwa rojo. Palipoandikwa hesabu, waliandikwa kuwa ni ute, au waliachwa.

Mabadiliko yalikuja miaka ya 1970, pale kikundi cha vijana wa Kimarekani wakiongozwa na William Hamner kilipoamua kuwafuata viumbe hawa kwao. Walipiga mbizi katikati ya bahari kuu, mahali ambapo chini yako ni kina cha maelfu ya mita na hakuna cha kushika wala cha kukuonyesha kipi ni juu na kipi ni chini. Kila mzamiaji alifungwa kamba, na kamba zote zilikutana kwa mwenzao mmoja aliyekuwa na kazi ya kuwalinda tu. Huko, Laurence Madin aliwaona salpa wakila, akaandika aliyoyaona mwaka 1974. Alice Alldredge naye aliziona nyumba za apendikularia zilizohamwa zikizama polepole kama theluji, huku wanyama wengine wakizila njiani, akatoa habari hizo mwaka 1972.

Kwa nini kuzama huku ni jambo kubwa? Hapa naomba tutulie kidogo. Mimea ya planktoni huvuta hewa ya kaboni. Ikifia pale pale juu na kuoza, kaboni hurudi majini karibu na uso, na baadaye huweza kurudi hewani. Lakini ikiliwa na salpa, hutoka kama kinyesi kizito kilichoshikamana, na kinyesi hicho huweza kuzama hadi mita 1,000 kwa siku moja. Kaboni iliyofika kilindini haitoki upesi. Huweza kukaa huko kwa mamia ya miaka.

Na salpa akianza kazi haifanyi kidogo. Ule uzazi alioutambua Chamisso ndio siri yenyewe. Malisho yakistawi, wa peke yake hutoa minyororo bila kuhitaji dume, na kwa muda mfupi bahari huchafuka kwa wingi wao. Madin na wenzake, katika safari walizozifanya tangu mwaka 1975 pwani ya mashariki ya Marekani, waliwahi kukuta kundi la salpa lililotanda eneo la kilometa za mraba 100,000, yaani kama sehemu moja ya kumi ya Tanzania. Mwaka 2006 walichapisha makadirio yao: kundi kama hilo huweza kula hadi asilimia 74 ya mimea midogo ya maji ya juu kwa siku moja, na kinyesi chake kushusha hadi tani 4,000 za kaboni kwa siku. Hayo ni malori 400 ya tani kumi kumi, kila siku, bila dereva wala mafuta.

Mwaka 2005, wataalamu wa Monterey, California, wakitumia vyombo visivyo na watu vyenye kamera, walitangaza kuwa zipo apendikularia wakubwa ambao nyumba zao hupita upana wa mita moja, na kwamba nyumba hizo zikihamwa huanguka hadi kilindini zikiwa na kaboni nyingi. Mitego iliyokuwa imetegwa baharini miaka mingi kupima kaboni inayozama haikuzihesabu, kwa sababu zikiguswa kidogo tu husambaratika. Msikilizaji makini ameona kuwa ni kosa lile lile la Hensen.

Mwaka 2017, huko huko Monterey, ilionyeshwa kwamba apendikularia hao huweza kumeza chembe ndogo za plastiki na kuzitoa katika kinyesi kinachozama. Lori lile lile linaloshusha kaboni linaweza kushusha na takataka zetu, kuzipeleka kwa viumbe wa kilindini wasiopata kuliona jua.

Hata hivyo, nisije nikamsifu salpa mpaka nikapotosha. Bahari hupokea takriban robo ya hewa ya kaboni ambayo binadamu huitoa kila mwaka, lakini sehemu kubwa ya hiyo huyeyuka tu majini, haipiti tumboni mwa salpa. Asidhani mtu kuwa mnyama huyu atatufutia moshi wa viwanda na magari. Aidha, wingi wake una hasara. Mwezi Aprili mwaka 2012 salpa waliziba mabomba ya kuvutia maji ya bahari katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Diablo Canyon, California, na mtambo mmoja ukabidi uzimwe. Mwaka 2004, wachunguzi wa bahari ya kusini inayozunguka Antaktika walieleza kuwa, katika sehemu waliyoichunguza, krili, wale kamba wadogo ambao ndio chakula cha nyangumi na pengwini, walikuwa wamepungua tangu miaka ya 1970, na salpa walikuwa wameongezeka. Wataalamu wameendelea kubishana juu ya ukubwa wa mabadiliko hayo. Lakini nyangumi aliyezoea krili hashibi salpa, na lazima jambo hili lichunguzwe.

Ndugu wasikilizaji, leo serikali za dunia zinakaa mezani kujadili hali ya hewa, na mbele yao pana hesabu za kaboni. Sisi tunaotegemea mvua na tunaoishi kando ya Bahari ya Hindi, ambamo salpa na apendikularia nao wamo, tutabebeshwa matokeo ya hesabu hizo ziwe sahihi au ziwe na pengo. Nilichotaka mkumbuke ni jinsi mapengo yalivyopatikana. Hayakutokana na uvivu. Hensen alikuwa mtu wa bidii kubwa, na waliompinga Chamisso walikuwa wasomi. Mapengo yalitokana na kuamini kwamba kisichonaswa katika chombo changu hakipo, na kwamba asiye wa daraja langu hana la kunifundisha.

Basi kesho ukipita ufukweni ukakuta ute umelala mchangani, usiuruke tu. Iname uutazame. Ukiona pete za misuli kama za pipa, na pengine pacha zake zimeshikana nao katika mnyororo, utajua kuwa ni yule yule aliyemweka mshairi macho siku ile ya shwari ya mwaka 1815. Na mvuvi mzee akikuambia mwaka huu wamejaa kuliko mwaka jana, msikilize, na umwombe akueleze ni mwezi gani na upepo gani.